Sarafu za Zamani na Mikono Iliyozitengeneza

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa genge la njia mbele ya mkutano wa wanachama wa Kajiado na Kitengela)



Mimi si mwalimu, wala si mtaalamu wa jambo lolote ila kazi yangu. Masomo yangu niliyapata katika shule ya misheni, nayo yaliishia darasa la nane. Kazi yangu ni reli: mataruma, kokoto na nati. Lakini nimeombwa niseme juu ya sarafu za zamani, na wengi wenu mnaijua sababu, ijapokuwa kwa adabu yenu hamkuitaja mbele yangu. Basi nitaitaja mimi mwenyewe.

Mtu mmoja alinijia nyumbani Kitengela jioni, amevaa vizuri, ana maneno matamu. Alifungua kitambaa akanionyesha sarafu ndogo ya manjano. Upande mmoja ilikuwa na ndovu ameinua mkonga, na milima nyuma yake. Akaniambia hiyo ni dhahabu ya Mjerumani ya mwaka 1916, na ati ndani yake mna zebaki ambayo matajiri wa ng'ambo wanaitafuta kwa mamilioni. Alitaka shilingi 18,000 tu kwa kuwa mama yake ni mgonjwa. Mimi nilikuwa na fedha hizo. Zilikuwa ada ya shule ya binti yangu. Nikampa.

Siku ya pili nilikwenda Nairobi kwa sonara. Aliiweka juu ya mizani, akaitazama mara moja, akaniuliza, "Kaka, kazi yako ni ipi?" Nikamwambia reli. Akasema, "Rudi kazini kwako. Hii ni shaba iliyopakwa rangi." Mizani ilionyesha gramu nne na kidogo. Nilipofika nyumbani mama watoto hakunigombeza. Alikunja nguo za shule za mtoto akaziweka sandukuni, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima.

Ndugu zangu, nasikia kwamba watu wa namna ile wamekwisha kufika Kajiado, nao wanawazungukia wazee wetu walio karibu kupata malipo yao ya uzeeni. Ndiyo sababu sikuona haya kusimama hapa. Tangu siku ile nimesoma sana juu ya sarafu, maana nilitaka kujua ni kitu gani kilichonishinda akili. Nimegundua kwamba historia ya sarafu ni historia yetu sisi wafanyakazi, na mtu anayeijua hadanganyiki upesi.

NANI YUPO JUU YA SARAFU?

Sisi tuliosoma misheni twakumbuka habari ya Bwana Yesu alipoletewa dinari. Jambo la kwanza aliloliuliza lilihusu sura na maandishi yaliyokuwa juu yake. Ni swali zuri. Lakini lipo swali la pili ambalo watu hawaliulizi: ni nani aliyeitengeneza?

Natuanze Uingereza, mahali ambapo viwanda vya mvuke vilianza. Karibu mwaka 1780 wafanyakazi wa huko walikuwa na taabu kubwa. Sarafu ndogo za shaba zilikuwa haba, na sarafu za uongo zilijaa kila mahali. Baadhi ya waajiri walinunua sarafu za uongo kwa bei ya chini, kisha wakawalipa watu wao mshahara kwa hizo hizo. Mtu alifanya kazi juma zima, akaenda dukani, mwenye duka akazikataa fedha zake. Mwaona kwamba ugonjwa ulionipata mimi Kitengela si mgeni duniani.

Tajiri mmoja wa chuma aliyeitwa John Wilkinson alitoa sarafu zake mwenyewe mwaka 1787. Upande wa kwanza aliweka uso wake, na jina lake, na cheo chake cha bwana wa chuma. Hapo zamani uso wa namna hiyo ulikuwa wa mfalme peke yake. Upande wa pili alimweka mhunzi yumo kazini, mbele ya nyundo kubwa ya mashini. Mhunzi huyo hana jina. Nimeitazama picha ya sarafu hiyo mara nyingi. Katika upana wa kidole gumba mmekaa mambo yote ambayo chama cha wafanyakazi kinayasema: tajiri ana jina, mfanyakazi ana nyundo, na sarafu ni moja. Huwezi kuukata upande mmoja ukabaki na mwingine.

Mtu mwingine, Matthew Boulton wa Birmingham, ndiye aliyekuwa mshiriki wa James Watt katika kuunda injini za mvuke. Sisi watu wa reli twalijua jina la Watt. Mwaka 1788 Boulton alijenga kiwanda cha kuchapa sarafu kwa nguvu ya mvuke. Kabla ya hapo fundi na wasaidizi wake walizungusha mashini kwa mikono, na kila sarafu ilitoka na kombo yake. Mashini za Boulton ziliishika sarafu ndani ya pete ya chuma wakati ilipopigwa, hata zote zikawa mviringo mmoja na ukubwa mmoja. Mwaka 1797 alitoa peni ya shaba yenye uzito wa aunsi moja kamili, na ya peni mbili yenye aunsi mbili. Ukingo wake ulikuwa mpana ulioinuka, na maandishi yalizamishwa ndani ya ukingo huo yasilike upesi. Mtu maskini aliweza kuiweka sarafu hiyo kwenye mizani akajua kama ni ya kweli. Huo ndio ufundi, ndugu zangu: kazi iliyofanywa hata asiyejua kusoma aweze kuihakiki.

SARAFU ZAFIKA PWANI YETU

Sasa tuje kwetu. Karne ya 19 watu wa pwani walitumia reale. Palikuwa na reale ya Hispania yenye nguzo mbili. Wahispania waliziita nguzo za Hercules, lakini watu wa pwani walitazama wakaona mizinga, wakaiita reale ya mzinga. Mimi sisemi walikosea. Vitu vile vilikuja kwa merikebu, na merikebu zilikuwa na mizinga kweli kweli.

Kadhalika palikuwa na reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na mwaka wake ni 1780. Angalieni hapa, maana hili ni funzo. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, lakini sarafu zake ziliendelea kuchapwa kwa mwaka ule ule, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Sham hawakutaka nyingine. Zilichapwa hata London katika karne ya 20. Kwa hiyo mtu akikuletea sarafu akasema, "Soma mwaka," mwambie kwamba mwaka ulioandikwa si ushahidi wa umri.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake, na mwaka huo huo zikatolewa sarafu zenye neno MOMBASA. Juu yake limechorwa taji pamoja na miali ya jua, na maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni Nuru na Uhuru. Upande wa pili pana mizani. Mizani ni alama ya haki, na watu wa Bahari ya Hindi walikuwa wameizoea tangu zamani. Ilikuwa juu ya sarafu za shaba za Bombay ambazo Boulton alizichapa mwaka 1791, pamoja na neno la Kiarabu la uadilifu. Hata Sultani Barghash wa Unguja aliiweka juu ya pesa zake za shaba.

Nyingi za sarafu hizo za Mombasa zina herufi ndogo H. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Na Heaton alianzaje? Mwaka 1850, vitu vya kiwanda cha Boulton vilipopigwa mnada, yeye alinunua mashini. Basi tazameni njia hiyo: kutoka injini ya Watt hadi mashini ya Boulton, kutoka Boulton hadi Heaton, kutoka Heaton hadi soko la Mombasa. Mvuke ulifika kwetu mfukoni kabla ya kufika juu ya reli.

Reli yenyewe ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Walioijenga, Wahindi wapata 32,000 na Waafrika wengi, walilipwa kwa rupia. Katika kazi hiyo Wahindi karibu 2,500 walikufa. Rupia ilikuwa na malkia mwenye taji. Kwa maiti wale hapakuwa na sarafu.

FEDHA ILIPOPUNGUA

Sasa niseme juu ya hesabu, nanyi mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo sarafu inapogusa mshahara.

Rupia ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu mia moja, sehemu karibu 92 zilikuwa madini ya fedha halisi. Yaani gramu 10.7 hivi za fedha. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilileta florini badala ya rupia. Ukiziweka mkononi huoni tofauti: uzito ni ule ule gramu 11.66. Lakini fedha ndani yake ilikuwa nusu tu. Kisha mwaka 1921 ikaja shilingi, mbili kwa florini moja. Shilingi hiyo ilikuwa na simba mzuri amesimama mbele ya milima, nayo ilikuwa na robo tu ya fedha. Shilingi mbili zikiunganishwa zilikuwa na fedha isiyofika gramu nne. Mwaka 1948 shilingi ikachapwa bila fedha kabisa.

Mtaalamu wa benki ataniambia kwamba thamani ya sarafu haitegemei madini, hutegemea sheria. Ni kweli, nami sibishani naye. Lakini mfugaji wa Kajiado aliyeuza ng'ombe akazika rupia zake chini ya ardhi hakuulizwa wakati wa kubadilisha. Na mwaka ule ule wa 1921 waajiri wa Kenya waliamua kupunguza mshahara wa Waafrika kwa theluthi moja. Ndipo Harry Thuku, aliyekuwa mpokea simu katika ofisi ya Hazina, akasimama na kusema. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Kwa hiyo mkiiona shilingi ya simba ya 1921 katika sanduku la babu, msione simba tu. Kumbukeni theluthi ile.

NDOVU WA TABORA

Sasa nafika kwa ndovu aliyenigharimu shilingi 18,000. Nataka mjue kwamba ndovu huyo yuko kweli, na habari yake ni yetu sisi watu wa reli kuliko watu wengine wote.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza ziliifunga pwani ya Tanganyika, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Reli ya Kati ilikuwa imekwisha kufika Tabora tangu mwaka 1912, na huko kulikuwa na karakana ya reli. Basi mwaka 1916 karakana hiyo ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu.

Hapakuwa na mashini za Birmingham wala pete za Boulton. Palikuwa na vyombo kama vile tunavyovijua: tanuru, tupa, nyundo, na mashini zilizoundwa kwa kazi nyingine. Walichukua shaba pamoja na maganda ya risasi na ya mizinga yaliyokwisha kupigwa, wakayayeyusha, wakachapa sarafu za heller 5 na heller 20. Zina taji, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Nyingi hazikutoka sawasawa. Nyingine ni nene, nyingine nyembamba, herufi nyingine zimevimba. Mtu wa karakana akizitazama atajua mara moja kwamba chapa ilikuwa imechoka, au kwamba mtu aliyeipiga alikuwa amechoka.

Kisha wakachapa dhahabu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko huko Tanganyika. Chapa za chuma zilichongwa na sonara mmoja Msinhala, yaani mtu wa kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka. Yeye ndiye aliyemchora ndovu mwenye mkonga juu, na milima nyuma yake. Upande wa pili ni tai wa Ujerumani. Sarafu hizo za rupia 15 zilichapwa 16,198 tu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wa 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauchukua mji wa Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Mimi nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Tai ana dola yake, herufi T ina mji wake. Lakini watu waliovuta mivukuto, waliobeba maganda ya mizinga, waliosimama mbele ya joto, hawana jina, kama yule mhunzi wa Wilkinson. Hawakuchapa kwa hiari ya kutajirika, maana ilikuwa vita, na nchi yao ilikuwa imetwaliwa. Hata hivyo kazi yao imebaki. Na kuna jambo jingine lililonichoma. Ile heller 20 ya shaba ilisema kweli: mimi ni shaba, nimetoka katika ganda la mzinga. Sarafu niliyouziwa mimi ilikuwa shaba inayosema kwamba ni dhahabu.

MAMBO YA KUANGALIA

Ndugu zangu, msitoke hapa na hadithi tu. Haya ndiyo mambo ya kushika.

Kwanza, ni uzito. Rupia 15 ya Tabora ina gramu 7.17, na rupia ya fedha gramu 11.66. Shaba ni nyepesi kuliko dhahabu, wala mpaka rangi hawezi kuibadili. Sarafu iliyotumika sana hupungua kidogo kwa kulika, lakini haipungui karibu nusu.

Pili, ni ukingo na maandishi. Sarafu ya kweli imepigwa kwa chuma, na michoro yake ina ncha. Ya uongo mara nyingi imemiminwa katika udongo au mchanga, nayo ina vitundu vidogo kama uji uliochemka, na mstari wa kuunganishia ukingoni. Lakini jihadharini, maana sarafu za Tabora zenyewe si nzuri sana. Kwa hiyo msiutegemee macho peke yake.

Tatu, hakuna sarafu yenye zebaki ndani, wala inayovuta mchele, wala inayoleta bahati. Mtu akitaja mambo hayo, mazungumzo yamekwisha. Mfungulie mlango aende zake.

Nne, wazee wetu wasiuze kwa haraka. Baba wa mwenzetu mmoja hapa Kajiado ana rupia moja ambayo babu yake aliipata kwa kuuza ndama. Mtu alikuja akataka kumpa shilingi 200. Mzee alimwambia, "Kijana wangu, hii ni ndama ya babu yangu. Wewe umeleta kamba tu." Nampongeza mzee huyo. Anayetaka kuuza ana haki yake, lakini apime kwanza, aulize kwa sonara zaidi ya mmoja, na afuatane na mtoto wake au mwanachama mwenzake.

Hivi leo sarafu zetu mpya za Kenya hazina uso wa mtu. Katiba ya mwaka 2010 inakataza kuweka sura ya mtu yeyote juu ya fedha za nchi, na sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Napenda jambo hilo. Uso wa bwana umeondoka. Mkono wa fundi bado hauonekani, lakini sisi tunajua kwamba upo.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Yule sonara alihitaji muda mfupi tu na mizani ndogo ili kuniambia jambo ambalo lingeokoa muhula wa mtoto wangu. Mizani ya gramu ya namna hiyo si ya bei kubwa. Naomba tawi letu linunue moja, ikae juu ya meza ya katibu, na mzee yeyote, awe mwanachama au si mwanachama, aje kupima bila malipo. Ile Kampuni ya mwaka 1888 iliichora mizani juu ya sarafu ikaandika Nuru na Uhuru. Sisi hatuhitaji kuichora. Yatutosha kuwa nayo mezani, nasi tuitumie.

Nami natoa shilingi 500 za kwanza. Hizi ni za noti, na nimekwisha kuzitazama kwenye mwanga.